Uzoefu wangu: nozeli kubwa za ID1050x kwenye Impreza WRX

Nilianza kufikiria kubadilisha nozeli, yaani vifaa vinavyonyunyizia petroli kwenye injini, siku nilipofungua plagi za Impreza WRX yangu ya 2004 na kukuta kauri ya plagi ya silinda ya tatu imekuwa nyeupe kama chokaa, dalili ya kupungukiwa na petroli, ilhali zile nyingine tatu zilikuwa na rangi ya kahawia inayotakiwa. Miezi michache kabla ya hapo nilikuwa nimefunga turbo ya STI (toleo la Impreza lenye nguvu zaidi), kubwa kuliko iliyokuja na gari. Fundi aliposoma kumbukumbu za kompyuta ya injini, tuliona kwamba kwenye mizunguko 6,500 kwa dakika nozeli za zamani, zenye uwezo wa sentimita za ujazo 440 kwa dakika, zilikuwa zikikaa wazi kwa milisekunde 17.5. Kwa kasi hiyo, silinda humaliza hatua zake zote nne kwa milisekunde 18.5 tu, maana yake nozeli zilikuwa wazi kwa asilimia 95 hivi ya muda wote, wakati mafundi wengi hawapendi zivuke 85. Injini ya turbo ikipungukiwa na petroli huku imebeba mzigo huanza kugonga, yaani mchanganyiko wa petroli na hewa hulipuka ovyo ndani ya silinda, na pistoni haivumilii hali hiyo kwa muda mrefu.

Kwanza nilinunua seti ya bei nafuu iliyokuja bila karatasi yoyote ya vipimo. Gari liliwaka, lakini lilinuka petroli, mngurumo wake ukawa unapanda na kushuka kwenye foleni, na kila asubuhi ya baridi halikushika mpaka nikanyage mafuta. Tulipozipima kwenye mashine, nozeli moja ilitoa petroli nyingi kuliko wenzake kwa kiasi ambacho hakuna programu ingeweza kukisahihisha.

Ndipo nikaagiza ID1050x za Injector Dynamics ya Marekani. Ni ghali, na kwa maoni yangu fedha hiyo inalipia zaidi takwimu zinazoambatana nazo kuliko chuma chenyewe. Nozeli haifunguki papo hapo umeme unapofika. Huchelewa kidogo, na ucheleweshaji huo huongezeka volti za betri zinapopungua. Kwa nozeli kubwa, injini inaponguruma bila kukanyagwa inahitaji tone dogo sana la petroli, hivyo kosa la sehemu ya kumi ya milisekunde linatosha kuvuruga mchanganyiko. Fundi aliingiza takwimu za ucheleweshaji kwa kila kiwango cha volti, akapanga upya ukubwa wa nozeli kwenye programu, na gari likawaka kwa mara ya kwanza na kutulia kana kwamba halijaguswa.

Sasa, kwa kasi ileile ya mizunguko 6,500, zinafanya kazi kwa asilimia 45 hivi. Nozeli zenyewe hazikuniongezea nguvu hata kidogo. Nguvu imetoka kwa turbo, ambayo sasa inaweza kutumika bila hofu. Matumizi ya mafuta katika safari za kawaida hayajabadilika. Ilinibidi pia niweke pampu kubwa zaidi ya mafuta, kwa sababu nozeli haiwezi kutoa petroli ambayo haijafikishwa kwenye reli, bomba linalozigawia nozeli petroli.

Wakati wa kufunga, zipakeni oringi (pete za mpira zinazozuia uvujaji) oili safi, kisha washeni swichi bila kupiga stata na mkague kila kiungo kwa tochi. Oringi yangu moja ilikuwa imechanika ukingoni, na petroli ilionekana ikichuruzika taratibu juu ya injini. Soketi za waya za WRX haziingiani na nozeli hizi, kwa hiyo agizeni viunganishi vyake pamoja nazo. Mimi nilivisahau, na gari likakaa gereji wiki mbili likivisubiri.