Krenki ya 4JB1 kwenye pikapu ya 4JA1: tazama kona kwanza

Krenki yangu, ule mhimili wa injini unaozungushwa na pistoni, ilikatika mlima wa Mazeras, pikapu imejaa mawe ya matumbawe, miezi minne tu tangu ifungwe. Ilikatika palepale ambapo sikupatazama siku ya kununua.

Isuzu TFR nyingi za zamani zina injini ya 4JA1, yaani 2499 cc. Ndugu yake 4JB1 ni 2771 cc. Upana wa silinda ni uleule, milimita 93. Kinachotofautiana ni mwendo wa pistoni, 92 kwa 102. Ndipo fundi hukwambia, "Mama, tutie krenki ya JB kwenye bloku yako, upate nguvu na nambari ya injini ibaki." Nambari itabaki kweli. Kwamba cc zimepanda na logbuku inasema vingine, hilo halitaji.

Nguvu na ulaji wa mafuta waulize wengine. Mimi nina neno moja: kona. Pale shingo inayokaliwa na beringi inapokutana na ukuta wa krenki, lazima pawe na mviringo kidogo. Msagaji, yule anayesaga shingo zilizochakaa ziwe laini tena, akiwa na haraka huacha kona kali, uzito wote unakusanyika hapo, ufa unaanza kama unywele. Shingo za yangu ziling'ara kama kioo, na beringi za 0.50, zile nene za shingo iliyopunguzwa nusu milimita, zikaingia bila ubishi. Kona ilikuwa kama ya meza.

Kwa hivyo nenda na kitambaa, dizeli kidogo na tochi. Futa grisi yote, mulika kwa ubavu, kisha pitisha ukucha kwenye kona: unatakiwa kupanda taratibu, kama ndani ya bakuli. Ukikwama, achana nayo. Halafu ining'inize kwa kamba, uigonge kwa nyundo ndogo. Nzima hulia kama kengele; yenye ufa husema "du".

Namba moja kwangu ni krenki mpya ya Isuzu yenyewe, haijawahi kusagwa. Ndiyo, napendelea, nimelelewa na Isuzu, Toyota mtanisamehe. Inunue pamoja na pistoni za 4JB1 na konrodi zake, vile vyuma vinavyoziunganisha na krenki, maana pistoni sasa inasukumwa milimita 5 zaidi juu na 5 zaidi chini. Kabla hedi, kifuniko cha juu ya silinda, haijafungwa, fundi aizungushe kwa mkono na apime pistoni ikiwa kileleni. Akisema hakuna haja, tafuta mwingine.

Ya pili ni kutoka injini ya ex-Japan ambayo beringi bado zimo. Geuza beringi, soma mgongoni: STD ni sawa, 0.25 au 0.50 ina maana imeshasagwa. Muuzaji akiwa amezitoa, muulize ziko wapi.

Ya tatu, iliyosagwa hapa mjini, kama unamjua aliyesaga. Kopi za bei poa? Za kupeleka maandazi sokoni.

Na bei hizi jamani! Nikienda mwenyewe na buibui langu, inapanda. Nikimtuma fundi, inapanda zaidi, na chake kimo ndani. Risiti nayo imegongwa muhuri: mali ikiuzwa hairudi. Nilimpelekea yule muuzaji vile vipande viwili, akavitazama bila kuvishika. "Mama, ulizidisha mzigo." Nyuma yake ilikuwepo nyingine, imepakwa grisi mpaka kwenye kona.