Redio ya masafa mafupi niliyomnunulia mama: uzoefu wangu wa miezi minne

Nianze na bei, maana najua ndilo swali la kwanza: elfu tisini na tano, Kariakoo, baada ya jamaa kuanzia laki na ishirini. Aliniapia kwamba "inakamata dunia nzima". Ni kiredio cha Kichina, kinaingia mfuko wa koti, kina FM, masafa ya kati na masafa mafupi, na stesheni unaiita kwa kubonyeza namba, siyo kusogeza mshale. Betri yake ni ileile bapa ya simu za kitochi, inapatikana kila duka. Hilo nililihesabu kama sifa.

Sikuinunua kwa ajili yangu. Ilikuwa ya mama, yuko Machame. Nyumbani kwetu neno la jioni lilitoka kwenye redio ya National yenye betri nne kubwa, zikichoka zinaanikwa juani kando ya kahawa. Marehemu baba alipenda kusimulia habari za Sauti ya Injili ya zamani. Vipindi vinarekodiwa Moshi mjini, kanda zinapelekwa Addis Ababa kwenye kituo cha Walutheri kilichoanza kurusha mwaka 1963, halafu vinarudi kwetu kwa masafa mafupi. Yaani mchungaji yuko chini hapo Moshi, ukishuka na basi humalizi saa nzima, lakini sauti yake inapitia Ethiopia kwanza ndipo imfikie muumini wa Machame. Mwaka 1977 serikali ya kijeshi ya Ethiopia, Derg, ikakitaifisha kituo, mambo yakaishia hapo. Sauti ya Injili yenyewe bado ipo Moshi, siku hizi iko FM.

Kabla ya kuipeleka nikaijaribu kwangu Tabata. Jamani. Kila nilipogusa masafa mafupi ilikuwa mlio wa chapati kwenye mafuta ya moto. Nikadhani nimepigwa. Nikazima king'amuzi, mlio ukapungua. Nikachomoa chaja za simu, ukapungua tena. Mwisho nikaenda kuzima meni swichi, na ghafla katikati ya giza mtu akasema kwa Kiswahili safi, "Tumsifu Yesu Kristo." Radio Vatican! Nilikuwa bado nashangaa mke wangu akapaza sauti kutoka jikoni: "Baba Neema, na friji je?" Kwa hiyo kama unaishi mjini, ujue kwamba taa za LED na chaja za bei rahisi ndizo adui wako wa kwanza. Kwa kelele zile, kituo kiwe na nguvu kiasi gani, hukisikii.

Machame ilikuwa habari nyingine kabisa. Nilichukua waya wa umeme mita kama nane, nikaufunga kwenye antena, ncha nyingine nikaitupia kwenye mparachichi. Haya mawimbi yanapanda hadi tabaka la juu la anga na kurudishwa chini, kwa hiyo hayahitaji mnara wowote njiani. Ila tabaka hilo linafuata jua: mchana unatafuta megahertz za juu, usiku unashuka kwenye bendi za mita 31 na 49, yaani megahertz kama 9 na 6. Usiku ule wa kwanza nilikaa nje kihambani hadi saa sita. TWR, kituo cha Kikristo kutoka Eswatini, ambao wako hewani tangu 1974, walikuja vizuri, japo sauti ilikuwa inapanda na kushuka kama ya mtu anayeongea akiwa kwenye bembea. Madagascar World Voice, Wakristo wa Kimarekani wenye mitambo yao Mahajanga, walisikika kama wako Bomang'ombe, ila kwa Kiingereza. Mchana wake nilikuwa nimekuta kisomo cha Qur'ani kutoka Saudia, kimetulia, hakikwaruzi hata kidogo. Kwa upande wa usikivu, shambani natoa nyota nne. Tabata, moja, na hiyo ni ya huruma.

Shida ni kwamba ukizunguka bendi nzima unaona ilivyo tupu. Ni kama kurudi soko la Jumamosi siku ya Jumatatu. FEBA, kituo kingine cha Kikristo kilichokuwa kinatufikia kutoka Shelisheli, kilifunga mitambo yake ya huko mwaka 2003. HCJB, redio ya injili ya Quito, Ecuador, iliyoanza Krismasi ya 1931, ilishusha antena zake mwaka 2009 kupisha uwanja mpya wa ndege. Vatican wenyewe waliacha masafa mafupi kwa sehemu kubwa ya Ulaya na Amerika mwaka 2012, wakabakiza sehemu kama Afrika. Juni 2025 Papa Leo alikwenda kuitembelea mitambo yao ya Santa Maria di Galeria, karibu na Roma, akasema alipokuwa mmisionari matangazo hayo yalimfaa sana. Nilifurahi kusoma, ila nikajiuliza leo nani mwingine kule Machame anayasikiliza. Niliulizia majirani. Mzee mmoja Mkatoliki alisema yake ilikufa na hakutafuta nyingine. Wengine wana vile viredio vya sola vyenye memori kadi: Biblia nzima imo, kwaya zimo, unarudia unapotaka. Ushindani huo ni mgumu. Mtambo wa kilowati 100 unakula umeme kila usiku, na zamani angalau zilirudi barua kuonyesha kuna mtu upande wa pili.

Nikaamua niwe huyo mtu. Niliandika ripoti ya usikivu kama inavyotakiwa, tarehe, saa, masafa, ubora wa sauti, nikaituma kwa barua pepe kwenye kituo kimoja. Jibu lilikuja baada ya siku tano, la kiungwana kabisa, na kadi nzuri ya picha ya kuthibitisha kwamba niliwasikia. Chini yake kulikuwa na kiungo cha kupakua programu yao ya simu.

Na mama? Alisikiliza jioni mbili kwa heshima yangu. Ya tatu akaniambia, "Baba, hii redio yako inakoroma." Akarudi kwenye FM yake ya Moshi, na Jumapili mjukuu anamwekea mahubiri ya YouTube. Kwa hiyo kama unamnunulia mzee, jiulize kwanza kama hamu ni yake au ni yako. Kama ni yako, na una mahali pasipo na umeme mwingi, nunua, hutajuta. Antena yake ni nyembamba mno, usiikunje kwa nguvu. Taa ya kioo inatosha. Chaji inakaa kama siku nne.

Au ilikuwa inakaa. Juzi nilimpigia mama nikamuuliza redio inaendeleaje. Akasema iko salama kabatini, ila betri ameihamishia kwenye kitochi chake, maana ile ya zamani ilikuwa imevimba.