Bili ya Diani na kitufe ambacho sikukibonyeza

Nimeshindwa kunyamaza kuhusu hoteli moja ya ufukweni huko Diani, kusini mwa Mombasa, ambako familia yetu ilikaa siku tano wakati wa likizo ya shule iliyopita. Wapo walioniambia kwamba nimelikuza jambo dogo. Mimi naona kwamba kuchukuliwa fedha yako, huku karatasi ikidai kuwa umeridhia, si jambo dogo hata kidogo.

Tulitoka Tanga kwa gari na kuvuka mpaka pale Horohoro, ambako tulibadilisha fedha kidogo kwa shilingi 20 za Tanzania kwa kila shilingi moja ya Kenya. Chumba, kifungua kinywa na chakula cha jioni tulikuwa tumekwisha kuvilipia kabla ya safari. Chakula cha mchana, vinywaji vya watoto na safari ya mashua kwenda Wasini kuwatazama pomboo viliandikwa kwenye hesabu ya chumba ili tulipe siku ya kuondoka. Kwa kuwa mtu anayetia saini tu bila kutoa noti husahau upesi alichotumia, kila jioni nilikuwa nikiandika matumizi yetu kwenye daftari, na bili ya shilingi 86,400 za Kenya ilipotoka ililingana na daftari langu hadi shilingi ya mwisho. Nalisema hilo kwa sababu sipendi kumsingizia mtu.

Ubaya ulianzia kwenye mashine ya kadi. Keshia aliichomeka kadi yangu, akaigeuza mashine upande wake, akabonyeza, kisha akanisogezea niingize namba ya siri, nami nikaiingiza huku mtoto akinivuta mkono. Stakabadhi ilipotoka niliona shilingi 1,840,320 za Tanzania. Kwa kiwango cha Horohoro bili ile ilikuwa shilingi 1,728,000, yaani nilikuwa nimezidishiwa shilingi 112,320.

Kadi ya nchi nyingine inapoingia kwenye mashine za aina hiyo, mashine huuliza kama mteja atalipa kwa fedha ya nchi aliyopo au kwa fedha ya kadi yake. Ukichagua fedha ya kwenu, kiwango hakipangwi na Visa, Mastercard wala benki yako, bali na kampuni inayohudumia mashine, ambayo hujiongezea faida humo, na mara nyingi mwenye duka au hoteli hupata mgawo. Ukichagua fedha ya nchi uliyopo, benki yako nayo hutoza ada yake, lakini kwa kawaida hasara huwa ndogo zaidi. Kanuni za mitandao hiyo ya kadi zinataka mteja mwenyewe ndiye achague.

Nilimwambia keshia, «Mwanangu, hukuniuliza.» Akajibu bila kuinua macho, «Madam, hiyo ni mashine, si mimi.» Nikamwomba aufute muamala na kuurudia kwa shilingi za Kenya, jambo linalowezekana kabla mashine haijafungiwa hesabu za siku. Akasema hesabu zimekwisha kufungwa. Ilikuwa saa nne asubuhi, na nyuma yangu walisimama wageni wawili wakisubiri kulipa kwa mashine hiyo hiyo! Meneja wa zamu alipoitwa alinionyesha maandishi madogo chini ya stakabadhi, yanayosema kwamba mteja amepewa hiari na amechagua kulipa kwa fedha ya kadi yake. Hapo ndipo nilipokasirika kweli, kwa kuwa karatasi ile ilikuwa ikitoa ushahidi wa uongo kwa jina langu. Kisha akatuletea juisi ya ukwaju.

Siku moja kabla ya hapo, muuza madafu pale ufukweni alikubali nimlipe kwa M-Pesa kutoka laini yangu ya Tanzania. Kabla sijatuma, alinishikia simu yake tukapiga hesabu pamoja, akanionyesha kiasi kitakachomfikia, akasema, «Mama, hakikisha mwenyewe ndio utume.» Mtu anayeuza madafu juani aliona kwamba nina haki ya kujua kiwango, na hoteli yenye mapokezi ya marumaru haikuona.

Nilikuwa nimekusudia kuandika kwamba mtu yeyote asiende pale, na nusu yangu bado inasema hivyo. Lakini siwezi kukana kwamba mhudumu wa chumba chetu alikesha pamoja nami hadi alfajiri tukimuuguza mwanangu mwenye homa, bila kuitwa na bila kudai chochote, wala siwezi kusema kwamba pwani ile haipendezi. Malalamiko yangu yako benki, pamoja na nakala ya stakabadhi, na sijapata jibu.

Mume wangu anataka turudi Desemba. Kwa ajili ya mhudumu yule nilikubali kupiga simu, nikauliza swali moja tu: je, mgeni hushika mashine ya kadi mwenyewe na kuchagua fedha ya kulipia? Sauti ya upande wa pili ikanijibu, «Madam, hayo utaelezwa ukifika.» Nikakata simu, na nafasi sikuweka.