Tope, Mayai na Nguzo ya Mafuta: Tathmini ya Mchana Mmoja wa Michezo ya Kuchekesha

Nilifika kwenye tamasha hili la wanajamii saa nane mchana, michezo ya kuchekesha ilipokuwa ndiyo kwanza inaanza, na nikaondoka jua likizama nikiwa na tope mpaka magotini ingawa sikushindana katika mchezo wowote. Tathmini hii inahusu sehemu hiyo tu, kwa kuwa maonyesho ya mifugo na mazao yalifanyika asubuhi na sikuyaona. Ninaipendekeza kwa moyo wote, na sababu yangu ni kwamba waandalizi wake wanaelewa jambo ambalo wengi hulipuuza: mchezo wa kuchekesha unahitaji kanuni kali kuliko mchezo wa kawaida. Mahali walipozisimamia kanuni hizo, watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mahali walipozilegeza, kicheko kilikatika.

Mchezo uliosimamiwa vizuri zaidi ulikuwa wa kuvuta kamba juu ya tope. Lilichimbwa shimo refu, likamiminwa maji, udongo ukakorogwa mpaka ukawa mzito kama uji, kisha timu mbili za watu wanane wanane zikasimama pande zote mbili. Nane ndiyo idadi inayotumika katika mchezo rasmi wa kuvuta kamba, ambao uliwahi kuwa sehemu ya Michezo ya Olimpiki kuanzia 1900 hadi 1920. Kabla ya filimbi, mwamuzi, mama mmoja wa makamo aliyevaa mabuti ya mpira, alipita kutoka mwanzo wa kamba hadi mwisho wake akikagua kila mkono, na alipomwona kijana aliyejiviringishia kamba kiganjani alimwamuru aifungue papo hapo, kwa kuwa kamba ya namna hiyo ikivutwa kwa ghafla inaweza kuondoka na vidole. Hakutabasamu hata kidogo. Ukali wake ndio uliowapa washindani uhuru wa kuanguka ovyo bila hofu.

Upande mmoja walikuwa wanaume waliooa, upande wa pili makapera. Waliooa hawakudumu, walianza kuteleza mmoja baada ya mwingine, na yule wa mwisho, mwenye mwili mkubwa aliyetegemewa kuwa nanga yao, aliburutwa kwa makalio mpaka katikati ya shimo. Mshereheshaji akachukua kipaza sauti na kusema, "Msiwalaumu, ndugu zangu, hawa wamezoea kuvutwa, si kuvuta." Wake zao ndio waliocheka kwa sauti kubwa kuliko wote. Baba yule mkubwa alipotoka topeni aliomba kipaza sauti, akafuta mdomo, akajibu kwamba makapera wameshinda kwa sababu hakuna anayewangoja nyumbani kuwauliza nguo zimechafukia wapi. Huo ndio utani wa shambani ninaoupenda: unamgusa mtu kwa jambo ambalo kila jirani analo, na aliyeguswa anapewa nafasi ya kujibu mbele ya watu walewale.

Kurusha na kudaka mayai mabichi kulinishika zaidi ya nilivyotarajia. Washindani husimama wawiliwawili wakitazamana, na kila yai linapodakwa salama kila mmoja hurudi nyuma hatua moja. Nilisimama karibu na wasichana wawili walioonekana kuwa dada, nikaitazama mikono ya mdogo. Hakulingoja yai mikono ikiwa imekakamaa kama wengine. Alinyoosha mikono mbele kulipokea hewani, kisha akaiacha irudi nyuma pamoja nalo hadi usawa wa nyonga, kana kwamba anapokea mtoto mchanga. Siri ya mchezo ni hiyo, kwa kuwa yai hupasuka likisimamishwa ghafla, lakini likipunguziwa kasi kidogo kidogo ganda lake hustahimili. Rekodi ya dunia ya mchezo huu, iliyowekwa Jewett, Texas, mwaka 1978, ni mita 98.51, umbali unaokaribia urefu wa uwanja wa mpira wa miguu. Dada hawa walifika kama mita 25 hivi kabla ya yai kumpasukia mkubwa kifuani, na ute wake ukamchirizika mpaka kiunoni huku mdogo akimkimbilia kumkumbatia, naye akachafuka vilevile.

Kukunja uso kulikuwa kufupi na kuzuri. Mchezo huu una ukoo wa kuheshimika: katika maonyesho ya Egremont, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, ambayo hati yake ya kifalme ni ya mwaka 1267, washindani huingiza vichwa katika kola ya farasi, ule mduara anaovishwa farasi shingoni ili avute mzigo, na kukunja nyuso zao kadiri wawezavyo. Hapa ilitumika fremu kuukuu ya dirisha, na mshindi alikuwa bibi asiye na meno aliyeweza kuuleta mdomo wa chini mpaka ukagusa pua.

Nguzo iliyopakwa mafuta ndiyo iliyoniudhi. Kila anayejaribu kuipanda huondoka na sehemu ya mafuta kwenye nguo na mapaja yake, kwa hiyo wa kwanza hufanya kazi ya kuisafisha na wa mwisho huvuna. Dawa yake ni rahisi: nguzo ipakwe upya baada ya kila mshindani, au walau zamu zipangwe kwa kura. Hakuna kilichofanyika kati ya hayo. Vijana walipangwa kwa jinsi walivyojiandikisha, na waliowahi mapema kwa hamu ndio walioadhibiwa. Aliyefika kileleni alikuwa wa kumi na nne, na makofi aliyopigiwa yalikuwa ya adabu tu.

Kisha kuku. Vijana kumi na wawili walifunguliwa uwanjani kumkimbiza kuku mmoja, na kwa dakika mbili za mwanzo watu walicheka kwa haki, kwa kuwa kuku ana akili ya kukata kona kuliko mwanadamu yeyote. Baadaye alichoka. Alijibanza kwenye kona ya ua, mdomo wazi, mabawa yakiwa yameachana na mwili jinsi kuku afanyavyo anapozidiwa na joto, na watoto waliokuwa mbele yangu wakanyamaza. Ninawaomba waandalizi wauondoe mchezo huu. Kijana mwepesi aliyefungwa kitambaa kiunoni na kukimbizwa na wenzake angeleta vurugu ileile, naye angeweza kusema amechoka.

Kuhusu huduma, vivuli vilitosha na mshereheshaji alisikika kila kona, lakini bomba la kunawia lilikuwa moja, na foleni yake iliyojaa tope na mayai ilichukua karibu nusu saa. Mabomba matatu au mapipa machache yenye vikombe vya kuchotea yangetosha. Anayetaka kushindana aende na nguo za kubadilisha, na anayetaka kutazama kuvuta kamba asimame upande wa mwamuzi, kwa kuwa upande wa pili ndiko tope liliponirukia.