Bango la mabingwa wa Ligi Kuu Bara: rangi zimekaa vizuri, ila "Wengineo" si jina la timu

Baba yangu ametimiza miaka 70 Desemba iliyopita. Kila mwaka nikimuuliza anataka zawadi gani hunijibu kwamba hana shida ya kitu, kwa hiyo safari hii sikumuuliza. Nilikwenda Kariakoo kwenye steshenari moja inayochapa mabango ya ukutani, nikamnunulia lile la mabingwa wote wa Ligi Kuu Tanzania Bara, kuanzia 1965 hadi msimu wa 2024/25. Naandika haya kwa sababu najua wapo wengi wanaolitamani kwa ajili ya sebule, saluni au banda la kuonyeshea mpira. Mimi nimelinunua mara mbili, na la pili limenifundisha cha kuuliza kabla ya kutoa hela.

Bango lina upana wa sentimita 60 na urefu wa 90. Kwenye karatasi nzito peke yake ni shilingi 12,000, likifunikwa nailoni ngumu ni 17,000. Nililipia nailoni bila kujiuliza mara mbili, maana linakwenda Tukuyu, Mbeya, nyumbani kwa baba. Kwetu mvua ikianza Novemba karatasi ya ukutani haimalizi mwezi kabla ya kujikunja pembe. Mimi ni fundi cherehani, jambo la kwanza ninaloangalia kwenye kitu chochote ni pindo. Nailoni imepita ukingo wa karatasi pande zote nne, kama upana wa kidole, na hakuna mapovu ya hewa ndani. Kazi ya mkono ni safi. Kwa hilo nawapa alama zao zote.

Mpangilio nao umefikiriwa. Kuna mistari 61 katika safu tatu. Safu ya kwanza inaanzia 1965 na kuishia 1985, ya pili inachukua 1986 hadi 2005, ya tatu inatoka 2006 hadi 2024/25. Yanga wana kijani na njano, Simba wana nyekundu. Ukisimama mlangoni, kabla hata hujasoma jina, unaiona historia yenyewe kwa rangi. Kuna bonge la kijani kuanzia 1968 hadi 1972, miaka mitano mfululizo ya Yanga. Chini yake kuna bonge la nyekundu, 1976 hadi 1980, miaka mitano mfululizo ya Simba. Mwishoni kabisa mwa safu ya tatu rangi zinajibizana: kijani mitatu, nyekundu minne, kijani minne. Mimi ni Mwananchi, shabiki wa Yanga wa damu, na bado nililiangalia lile bonge la nyekundu la miaka ya sabini nikasema jamani, hawa watu walikuwa na timu.

Walioandaa orodha wamekuwa makini kwenye mambo ambayo wengi huteleza. Mstari wa 1965 na wa 1966 imeandikwa Sunderland, na Simba kwenye mabano. Ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu jina la Simba lilikuja 1971, na anayesoma orodha ya zamani akakutana na Sunderland anaweza kudhani ni klabu nyingine iliyokufa. Mwaka 2007 nao haukurukwa. Wakati ule ligi ilikuwa inahama kutoka kalenda ya mwaka mmoja kwenda msimu wa kuvuka mwaka, ikachezwa ligi ndogo katikati, na Simba wakaichukua. Orodha zinazouruka mwaka huo zinawanyima Simba kombe moja. Hapa wamepewa lao, hesabu inafika 22. Yanga wana 31. Nilihesabu mstari kwa mstari kwa ncha ya mkasi, nikiwa nimelitandaza juu ya meza ya kukatia, na zote mbili ni sawa.

Kuna pia nyota ndogo pembeni mwa misimu mitatu ambayo bingwa hakupoteza mechi hata moja: Simba ya kocha Patrick Phiri 2009/10, Azam 2013/14 na Yanga ya kocha Nabi 2021/22. Nyota hizi nimezipenda sana. Ningependa pia pawe na safu nyembamba ya pointi. Msimu wa 2016/17, kwa mfano, Yanga na Simba walimaliza wote na pointi 68 na kombe likaamuliwa kwa tofauti ya mabao. Kwenye bango huo ni mstari wa kijani kama mingine, na mtoto anayeusoma leo hawezi kujua presha tuliyokuwa nayo siku ile.

Picha ya nyuma ndiyo iliyoniudhi kwanza. Wameweka uwanja wa Ulaya, majukwaa yamebana hadi kwenye mstari wa pembeni, taa za kule. Bango la ligi yetu! Uwanja wa Uhuru upo. Uwanja wa Benjamin Mkapa upo, na ndipo Juni 25, 2025 mstari wa mwisho wa bango hili ulipoandikwa, Yanga wakimfunga Simba 2-0 katika mechi iliyoahirishwa tangu Machi. Wangeipiga picha Mkapa siku yoyote ya kawaida, hata ikiwa na viti vitupu, ningefurahi zaidi.

Lakini shida kubwa ilikuwa kwenye kijivu.

Ukitoa Yanga na Simba kwenye mistari 61 inabaki minane. Hiyo minane yote wameipaka kijivu, na chini kabisa kwenye jumla wameandika: Yanga 31, Simba 22, Wengineo 8. Niliona neno hilo dukani na sikulitilia maanani. Nililiviringisha bango, nikalitia kwenye bomba la plastiki, nikapanda basi la usiku.

Baba alilipokea kwa mikono miwili. Akaniambia, "Ndaga fijo, mwanangu," yaani asante sana kwa Kinyakyusa, akavaa miwani, akaanza kushuka na kidole safu ya kwanza bila haraka. Kwenye 1967 alitabasamu, Cosmopolitan. Kwenye 1975 akasema kwa sauti, "Mseto, Morogoro." Kwenye 1982 akasimama kunieleza kwamba Pan African walikuwa vijana wa Yanga waliochomoka klabuni kwenye mgogoro wa miaka ya sabini, wakaenda kuanzisha yao, na wakaja kuchukua ubingwa. Kisha akapandisha kidole juu ya safu ya pili, mwaka 1986, na kidole hakikushuka tena.

Pale palitakiwa paandikwe Tukuyu Stars. Palikuwa pameandikwa Majimaji.

Hakukasirika. Alivua miwani akaikunja, akasema, "Majimaji walichukua Muungano. Sisi tulichukua Bara. Mwaka ni mmoja, makombe mawili."

Ambao hawakuwepo wanahitaji kuelezwa hapa, kwa sababu makosa mengi ya orodha hizi yanatoka sehemu hii moja. Kuanzia 1982 kulikuwa na Ligi ya Muungano, iliyokutanisha timu za juu za Bara na za Zanzibar, tofauti kabisa na Ligi Kuu ya Bara. Mwaka mmoja uliweza kuwa na mabingwa wawili halali. Mwaka 1984 Simba walikuwa mabingwa wa Bara, KMKM ya Zanzibar wakachukua Muungano. Mwaka 1985 Bara walichukua Yanga, Muungano wakachukua Majimaji ya Songea. Mwaka 1986 Majimaji wakarudia Muungano, na Bara wakachukua Tukuyu Stars. Anayeokota orodha mbili mtandaoni na kuzichanganya bila kuuliza anampa mmoja kombe la mwenzake. Majimaji hawahitaji kombe la Tukuyu. Wanayo yao matatu ya Muungano, na la tatu walilichukua 1998.

Tukuyu Stars walikuwa ndiyo kwanza wamepanda daraja. Mwaka wao wa kwanza Ligi Kuu wakawa mabingwa. Hebu fikiria mji wetu ulivyo, migomba, chai, ukungu hadi saa nne asubuhi, na barabara inayopanda kwenda Mbeya. Baba alikuwa na miaka kama 30. Siku ya mechi ya Mbeya mjini walikuwa wanadandia lori la ndizi, wanakaa juu ya mikungu, na dereva akiwaonya wasivunje vidole vya ndizi maana atadaiwa yeye. Jioni ile alinisimulia safari moja, mvua imewakuta njiani, wakakata majani ya mgomba wakajifunika wote kumi na kitu kama kuku chini ya tenga. Nina miaka 38 na hadithi hiyo nilikuwa sijawahi kuisikia. Bango lenye kosa ndilo lililoitoa.

Nilipiga simu dukani kesho yake asubuhi. Kijana aliyepokea alikuwa na adabu, akaniambia, "Dada, orodha tumeitoa mtandaoni." Nikamweleza habari ya Muungano kama nilivyoieleza hapa. Akasikiliza hadi mwisho, akakubali kusahihisha, ila akasema kuchapa upya nitalipia shilingi 6,000. Hilo sikulipenda na silipendi hadi leo. Nikishona gauni nikakosea kiuno nalifumua kwa gharama zangu, mteja hanilipi uzi. Nililipa kwa sababu nilitaka bango kuliko ugomvi.

Basi kwa kuwa nalipa, nikaomba na mengine mawili. La kwanza, kijivu kiondoke. Nikachagua bluu iliyokolea kwa mistari yote minane, rangi isiyogombana na kijani wala nyekundu. La pili, neno "Wengineo" lifutwe na majina yaandikwe. Ni timu saba tu, nafasi ipo: Cosmopolitan, Mseto, Pan African, Tukuyu Stars, Coastal Union, Mtibwa Sugar mara mbili, Azam. Wamefanya yote mawili. Walinitumia mfano kwa WhatsApp siku ya pili, nikauona, nikaupitisha, na siku ya tatu lilikuwa tayari. Kwa kasi na usikivu sina neno.

Tofauti ni kubwa kuliko nilivyotegemea. Kwenye lile la kwanza jicho lilikuwa linaruka kijivu kama linavyoruka kiraka. Sasa bluu inakuita. Unaona Coastal Union 1988 na unajiuliza Mkwakwani, uwanja wao wa Tanga, ilikuwaje mwaka ule. Unaona bluu mbili zimefuatana, 1999 na 2000, Mtibwa, timu ya kiwanda cha sukari kule Turiani, imeshika kombe miaka miwili mfululizo huku vigogo wa Dar wakiangalia. Halafu unashuka, unashuka, na hukuti bluu nyingine hadi 2013/14, Azam wa Chamazi, waliomaliza kazi Mbeya kwa kuifunga Mbeya City 2-1. Baada ya hapo hakuna bluu tena, misimu kumi na moja hadi chini ya karatasi. Sikuwahi kuliona pengo hilo namna hiyo, na mimi naufuatilia mpira kila wiki. Niseme wazi kwamba linaniuma hata nikiwa Yanga.

Maandishi yangeongezwa ukubwa kidogo. Kwa mtu wa miaka 70 mwenye miwani, majina yanasomeka akiwa hatua mbili, zaidi ya hapo anabaki na rangi tu. Nafasi ipo, wangepunguza ile picha ya uwanja, ambayo kwa bahati mbaya imebaki ileile ya Ulaya kwa sababu walisema hawana nyingine yenye ubora wa kuchapa.

Nyota nne kati ya tano kwa toleo lililosahihishwa. Lile la kwanza ningelipatia nyota mbili, kwa ajili ya nailoni na rangi. La pili nimelituma kwa basi kama kifurushi na limefika bila kukunjika, bomba la plastiki wanalotoa ni gumu kweli. Mdogo wangu ameniambia baba alimwagiza ang'oe msumari na kuupigilia chini kidogo, ili kichwa cha safu ya pili kiwe usawa wa macho yake akiwa amekaa kwenye kiti.

Ukienda, usikubali kuuziwa lililokwisha kuchapwa na kutundikwa pale mlangoni, hayo bado ni ya kijivu. Omba wakufungulie faili kwenye kompyuta ulione kabla halijafunikwa nailoni, maana likishafunikwa halisahihishwi. Anza kuangalia juu ya safu ya pili.