Seva kuukuu ya ofisi: Dell PowerEdge T110 II, na kwa nini hatimaye tulinunua nyingine

Mwenye ofisi ndogo akiniuliza kama seva yake ya zamani aitengeneze au anunue mpya, swali langu la kwanza ni hili: inatumia Windows ya mwaka gani? Mambo ya vipuri yanafuata baadaye.

Sisi ni wapima ardhi, ofisi iko mtaa wa Kisasa, Dodoma. Seva yetu ni Dell PowerEdge T110 II, ile ya mnara, ya mwaka 2013. Kazi yake ni kutunza michoro ya viwanja, picha za droni na mafaili ya wateja. Tangu serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma mwaka 2016, mafaili yameongezeka kupita makadirio yetu, na ya zamani hayafutiki, maana mteja wa miaka hiyo anaweza kurudi kesho na mgogoro wa mpaka.

Mashine yenyewe sina neno nayo. Kilichoimaliza ni vumbi. Kiangazi cha huku mnakijua: meza unaifuta asubuhi, mchana unaweza kuandika jina lako juu yake. Seva iliyowekwa sakafuni inavuta yote hayo. Fundi alipofungua paua saplai, yaani kile kisanduku cha kuipa mashine umeme, feni ilikuwa imeganda kwa udongo mwekundu, haizunguki hata ukiisukuma na bisibisi, na kapasita mbili zimevimba vichwa. T110 II ina paua saplai moja tu, ya wati 305, kwa hiyo ikifa hiyo ofisi nzima inakaa.

“Bosi, hii tusihangaike kuichomelea, tubadilishe,” fundi akasema. Ikaletwa kwa basi kutoka Dar, kwa bei ambayo haikufika hata sehemu ya kumi ya seva mpya. Hapo nikaona wanaokimbilia kununua wana hela za kuchezea.

Tukaendelea na ramu, na huku ndiko wengi wanakopigwa. Mashine hii inakubali ramu za aina ya DDR3 zenye ECC (zinazojisahihisha makosa), mwisho GB 32, lakini si kila DDR3 ya seva. Zilizojaa sokoni zimetoka kwenye seva kubwa. Zinaingia kwenye sloti vizuri kabisa, ukiwasha mashine inagoma. Soma stika: PC3-10600E ndiyo yenyewe, ikiishia na R, mrudishie muuzaji hapo hapo dukani.

Hadidiski zetu mbili zinanakiliana, na moja ilishaanza kuonyesha sekta mbovu. Kubadilisha moja ni rahisi, ila zote zilinunuliwa pamoja na zimechoka pamoja. Ile mpya inapojazwa, ile nzee inasomwa mwanzo hadi mwisho, na huo ndio wakati mbaya kuliko yote wa kufa kwake. Chukua bekapu kwanza, pembeni kabisa, ndipo ushike bisibisi.

Hadi hapo kutengeneza kulikuwa kunashinda. Kilichogeuza hesabu ni Windows iliyokuwa kwenye seva yetu, Windows Server 2012 R2. Microsoft ilisitisha masasisho yake ya usalama tarehe 10 Oktoba 2023, isipokuwa kwa wanaolipia nyongeza. Hakuna fundi wa kuziba hilo kwa kipuri. Kompyuta zetu zote zinaingia kwenye seva hiyo, na vijana wanarudi kutoka saiti na flashi walizochomeka kwenye stesheneri za watu. Kirusi kimoja cha kufunga mafaili kikipita hapo, michoro ya miaka yote imekwenda.

Tulichukua Dell PowerEdge T150 yenye Windows Server 2022 Essentials. Toleo hilo linaruhusu watumiaji hadi 25 bila kununua leseni ya kila mtu, na kwa ofisi ya saizi yetu hapo ndipo palipookoa hela. Ramu yake ni DDR4, kwa hiyo zile tulizonunua hazihamishiki. Hadidiski zake nazo ni za kufungwa kwa nyaya ndani, huwezi kuchomoa moja mashine ikiwa inafanya kazi. Kwa bei ile nilitegemea zaidi.

T110 II tumeiwekea Linux badala ya Windows na kuipandisha kwenye rafu, juu ya usawa wa meza, inapokea bekapu za usiku tu na haina njia ya intaneti. Ya zamani naipa nyota tano, mpya nne mpaka sasa.