Pampu ya kupimia rejeta: imenionyesha maji ya Noah yangu yalikokuwa yakienda

Toyota Noah yangu ni ya mwaka 1999, modeli ya SR40, ile yenye injini ya 3S-FE chini ya viti vya mbele. Kwa miezi minne ilikuwa inapoteza maji na hakuna aliyeweza kuniambia yanapitia wapi. Safari fupi za Fuoni na skuli, huku Unguja, hazikuonyesha kitu. Lakini kila nikimpeleka mama Makunduchi, mbali kule kusini, Jumapili, Jumatatu asubuhi nakuta kopo la akiba limekauka na rejeta inameza karibu lita nzima. Usiku nilikuwa nikitandika maboksi chini ya gari. Asubuhi nayakuta makavu.

Fundi wa kwanza alibadilisha wota pampu. Nililipa spea, nikalipa kazi, na maji yakaendelea kupungua vile vile. Wa pili alitazama kidogo tu, akafuta mikono, akasema, "Mwalimu, gasketi ya hedi imekwisha hii. Tuifungue." Nikamwuliza amejuaje. Akanijibu kuwa gari za aina hii ndiyo maradhi yao.

Jibu hilo liliniuma. Gasketi hiyo ndiyo inayoziba kati ya hedi, yaani kichwa cha injini, na injini yenyewe, na ikifa huwa kuna dalili. Oili ilikuwa safi, haikugeuka rangi ya maziwa. Ekzosi haikutoa moshi mweupe. Nikiwasha injini asubuhi ikiwa baridi na mfuniko wa rejeta ukiwa wazi, sikuona mapovu. Gasketi inaweza kuanza kufa kimya kimya, sikatai, lakini kufungua hedi ya aluminiamu kwa kubahatisha si jambo la kumwambia mtu huku unafuta mikono.

Mtoto wa dada yangu anauza spea Kariakoo. Nilipomweleza kwenye simu akasema, "Mama mdogo, usifungue chochote kabla hujaipima kwa presha." Wiki ile ile akaniletea pampu kwa boti. Pamoja na usafiri ilinitoka shilingi 95,000, chini ya bei ya ile wota pampu niliyofungiwa bila faida.

Ni pampu ya mkono, mfano wa ile ya baiskeli, ina geji ya mshale, mpira mfupi na vifuniko saba vya ukubwa mbalimbali. Unavua mfuniko wa rejeta, unafunga kimoja kinacholingana na mdomo wake, unapampu. Mfumo mzima wa maji unapata presha kama ile ya gari ikiwa safarini, ila injini imezimwa na imepoa. Tofauti hiyo ndiyo iliyokuwa dawa yangu. Barabarani maji yanayopenya kwenye tundu dogo hukutana na bomba la moto na upepo, yakakauka palepale. Gari ikilala, presha inashuka na tundu linanyamaza. Ndiyo maana maboksi yangu hayakulowa hata siku moja.

Nilipima Jumamosi alfajiri, gari ikiwa imelala usiku mzima. Hapa nasisitiza: mfuniko wa rejeta haufunguliwi injini ikiwa ya moto, maji yanaruka na yanaunguza vibaya. Nikajaza maji mpaka juu, nikapampu mpaka presha ya bar 0.9, namba iliyoandikwa kwenye mfuniko wangu. Usizidishe namba ya mfuniko wako. Rejeta ya zamani yenye vichwa vya plastiki inaweza kupasuka, ukaongeza tatizo jingine.

Mshale ukaanza kushuka. Taratibu, lakini ukishuka. Baada ya dakika kumi ulikuwa 0.6. Nikapapasa mipira yote ya mbele na klempu zake, kavu. Wota pampu, kavu. Nikapampu tena na kumwomba mwanangu aingie chini na tochi. Alinyamaza kwa muda, kisha akaita, "Mama, huku nyuma kuna bomba linatoka jasho!"

Huku nyuma? Kumbe Noah hizi zina hita ya abiria wa nyuma, na maji ya moto yanapelekwa huko kwa mabomba mawili ya chuma yanayopita chini ya sakafu. Zilitengenezewa Japani, kwenye baridi. Mimi sijawahi kuiwasha hita hiyo na simjui mtu Unguja aliyeiwasha, ndiyo maana mafundi wawili hawakuikumbuka. Pale bomba linaposhikwa na kibano cha chuma palikuwa pamejaa mchanga uliogandamana, na chini ya mchanga kutu imekula. Miaka ya hewa ya chumvi na barabara za pwani. Pembeni kulikuwa na unga wa rangi ya waridi, mabaki ya kulanti iliyokauka, ile dawa ya rangi inayochanganywa na maji ya rejeta. Ushahidi ulikuwepo siku zote, hakuna aliyelala chini akautazama.

Pampu ikanipa na jambo la pili. Kuna kipande cha kupimia mfuniko wenyewe, na wangu ulikuwa unaachia kwenye 0.5 badala ya 0.9. Watu wanaudharau mfuniko, lakini presha ndiyo inayozuia maji yasichemke kwenye nyuzi 100, kwa 0.9 hata maji matupu yanafika karibu nyuzi 118. Mfuniko ukilegea, gari inachemsha mapema na maji yanamwagikia nje kupitia kopo.

Fundi wa tatu, kijana wa Mwanakwerekwe, nilimpelekea gari pamoja na picha. Akaniuliza kama nataka mabomba mapya ya shaba au aikate hita ya nyuma. Nikasema ikate. Aliziba njia zote mbili kule mbele zinapochepuka, saa moja na nusu kazi imekwisha. Kiyoyozi cha nyuma kina njia yake na kinapoza kama kawaida. Hita ya mbele tumeiacha makusudi: mshale wa joto ukipanda ukiwa njiani, kuiwasha mpaka mwisho kunaipunguzia injini joto wakati unatafuta pa kusimama.

Tulijaza kulanti nusu kwa nusu na maji ya betri. Yale ya kuongezea, si asidi. Dukani chupa zinafanana, soma vizuri. Maji yetu ya kisima yana chokaa na mara nyingine chumvi, na hayo ndiyo yanayoziba rejeta na kula mabomba. Kulanti si ya nchi za barafu tu, inazuia kutu pia. Na ikimwagika ioshe mara moja, kwani ina utamu na ni sumu, paka akiilamba anaweza kufa.

Pampu ina kasoro zake. Karatasi ya maelezo ni ya Kichina na Kiingereza, na picha ni ndogo mno. Vifuniko viwili kati ya saba havikukaa vizuri kwenye gari yoyote niliyojaribu. Vipira vyake vya kuzibia ni vyembamba. Kimoja kikichanika, pampu yenyewe inavuja na utadhani ni gari, kwa hiyo vitazame kabla ya kupima. Uvujaji unaotokea injini ikiwa ya moto tu, pampu haiuoni. Na kwa gasketi haitoshi peke yake: mshale ukishuka na nje kote kukavu, tafuta fundi mwenye ile dawa ya bluu inayogeuka njano ikikutana na gesi ya injini.

Mwenye gari moja mpya hana haja ya kuinunua. Mwenye Noah, Hiace au gari nyingine ya zamani yenye hita ya nyuma, aipate, au amwombe fundi aliye nayo apime kabla ya kugusa boliti yoyote. Yangu inaazimwa. Sasa hivi iko kwa jirani, Carina yake inapoteza maji tangu Ramadhani.